SALME BINTI SAID NA KALAMU YAKE

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka sisi wa kidato cha tatu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi walikimbilia mashujaa wa vita na wakubwa wa serikali. Mie nikasema nitamwandika Sayyida Salme binti Said wa Unguja. Wavulana wa darasa letu wakacheka sana. Walidai kuwa huyo hakufanya lolote duniani isipokuwa kutoroka na Mzungu. Haya, nawaomba wasome mpaka mwisho kisha ndio wanihukumu, kwani mwenda pole hajikwai.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, yule yule aliyewashinda Wamazrui wa hapa kwetu Mombasa mwaka 1837 na kuitwaa Ngome ya Yesu. Mamake aliitwa Jilfidan. Hakuwa mke wa ndoa bali suria, mtu wa Circassia, huko kwenye milima ya Kaukasi. Vita vilimpotezea wazazi wake angali mdogo, akauzwa, akafikishwa Unguja akiwa bado mtoto. Tafadhali msomaji, liweke jambo hili moyoni, maana nitalirudia: huyu binti mfalme mamake alinunuliwa.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Uani mlikuwa na tausi, paa, bata na mbuni wakitembea ovyo. Ndani mlijaa masuria, watoto, watumishi na watumwa, na kila mmoja alizungumza lugha ya kwao. Kiarabu, Kiswahili, Kituruki, Kiajemi, Kihabeshi, zote zilisikika humo. Lakini mbele ya Sayyid Said ilipaswa kusemwa Kiarabu tu. Kwa hivyo Salme alikua akijua tangu udogoni kwamba lugha ina cheo, na kwamba kuna maneno ya kusemwa sebuleni na maneno ya kusemwa jikoni. Hata sisi leo twayajua hayo. Lugha uitumiayo kwenye matatu ya Kisauni siyo uitumiayo mbele ya mwalimu mkuu!

Alipofika umri wa miaka saba hivi, yeye na mamake walihamia mjini, nyumba ya Bet il Watoro, kwa nduguye aliyeitwa Majid. Majid alimpenda sana, akamfundisha kupanda farasi, kutumia upanga na kulenga shabaha. Yaani mambo yote ya kiume alifundishwa, ila moja tu. Kuandika hakufundishwa.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwani watu husema ovyo kwamba wanawake wa zamani wa pwani hawakusoma. Si kweli. Watoto wa Sayyid, wake kwa waume, walikaa pamoja mkekani mbele ya mwalimu wa kike kutoka Oman wakajifunza kusoma Kurani. Badala ya ubao waliandikia mfupa wa bega la ngamia, uliosafishwa ukawa mweupe. Lakini wavulana ndio waliofundishwa kuandika. Wasichana walikomea kusoma. Msichana akijua kuandika, watu walisema, ataandika barua za mapenzi na kuivunja heshima ya nyumba. Basi mlango mmoja walifunguliwa, wa pili wakafungiwa.

Nalijua jambo hili si kwa kulisoma tu. Nyanyangu alisoma chuoni utotoni mwake akahitimu, na mpaka leo ausoma msahafu vizuri kushinda mimi. Lakini shuleni hakupelekwa. Kwenye karatasi za serikali hutia kidole gumba. Simu yake ikiingia ujumbe, huniita mimi nimsomee. Kuna mwaka aliletewa karatasi ya shamba la marehemu babake, akasomewa na mtu wa ukoo ambaye simtaji. Mtu huyo alisoma yale aliyoyataka yeye. Nyanya akabonyeza kidole, na shamba likaenda. Kwa hivyo mtu akiniuliza kuandika kwa mwanamke kuna faida gani, mie namuuliza kwanza ana muda gani wa kunisikiliza.

Salme hakukubali kukomea hapo. Alianza kuziiga herufi za Kurani juu ya mfupa wake wa ngamia, kwa siri, moja baada ya nyingine, hadi mkono ukazoea. Kisha akamtafuta mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu kidogo amnyooshee mwandiko. Habari zilipovuja alitukanwa sana na jamaa zake, lakini hakujali, maana kilichokwisha kuingia kichwani hakitolewi kwa matusi. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1850, huko Pate na Lamu, Mwana Kupona binti Msham alikuwa akimtungia bintiye utenzi mrefu wa mawaidha, ule tunaousoma mpaka leo. Basi mwanamke wa pwani na kalamu ni marafiki wa zamani, ingawa urafiki wenyewe ulifichwa.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Aliacha watoto 36. Majid akawa mtawala wa Unguja na nduguye Thuwaini akabaki na Oman. Salme, mwenye miaka 12 tu, alihesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa fedha na shamba. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mamake. Maskini! Miaka 15, hana baba wala mama.

Ni wakati huo kalamu yake ilipopata kazi ya kwanza kubwa, na kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Nduguye mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid. Dada yao Khole, aliyependwa mno na Salme, alikuwa upande wa Barghash, naye akamvuta Salme. Wapangaji walihitaji mtu wa kuaminika wa kuandika barua kwa wakubwa na kuagiza silaha na baruti. Mtu huyo awe ndani ya nyumba, asishukiwe na yeyote. Nani angemshukia msichana wa miaka 15, na hali wasichana hawajui kuandika? Basi Salme akawa karani wa uasi dhidi ya kaka yule yule aliyemfundisha kupanda farasi.

Uasi ulishindwa mwaka huo huo wa 1859. Nyumba ya Barghash ilizingirwa, akatoroka amevaa nguo za kike, akapigwa shambani Machui, na mwishowe Waingereza wakampeleka Bombay. Watu wengi walikufa. Majid hakumwadhibu dadake, lakini ukoo ulikwisha kupasuka. Baadaye Salme alipopatana na Majid, Barghash na Khole nao wakamtupa. Mimi naona hapa pana funzo ambalo vitabu vingi hulipita. Twaambiwa kila siku kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Ni sawa, lakini ufunguo hufungua mlango wowote, hata wa nyumba inayowaka moto. Kujua kuandika hakukumwambia Salme aandike nini.

Alirudi kukaa mjini, jirani na mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akapata mimba. Kwa binti wa Sultani jambo hilo lilikuwa kifo. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakishuka pwani kukoga kama ilivyo desturi yetu ya Mwaka Kogwa, naye akashuka pamoja nao. Mashua ilikuwa ikimngoja. Akapandishwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume aliyefariki akiwa mchanga. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na Ruete siku hiyo hiyo. Mambo ya dini ni yake na Mola wake, sisi hatuna mizani ya kuyapima.

Hamburg kulikuwa na baridi, na watu wakimkodolea macho kama tausi wa Mtoni. Alijifunza Kijerumani kama mtoto mchanga. Walipata watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Ghafla, mwezi wa Agosti 1870, mumewe alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu, gari la abiria lipitalo kwenye reli barabarani, akafa. Salme hakuwa bado ametimiza miaka 26. Mdogo wa watoto alikuwa wa miezi michache tu. Mali ikapungua, na sheria za huko hazikumpa mjane uhuru wa kusimamia urithi wa watoto wake mwenyewe.

Atafanya nini sasa? Ana kalamu. Alihama kutoka mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu na Kiswahili ili watoto wale. Hebu fikiri, msomaji! Yule msichana aliyekatazwa kuandika amekuwa mwalimu wa lugha Ulaya, na Kiswahili chetu ni sehemu ya mkate wa watoto wake. Nasi kuna wenzetu wanaosema Kiswahili ni somo la kupumzikia!

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye na kupatana. Aliyemzuia ni mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere. Alimshawishi asimwone nduguye, akamwahidi kwamba watoto wake watatunzwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Baadaye serikali ya Uingereza ikamjibu kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, basi aende akaombe huko. Ahadi ikayeyuka kama barafu juani.

Wenzangu wa Kisauni, jina la Frere si mwalijua? Ndiye aliyeipa Freretown jina lake. Mwaka huo huo wa 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha pale kijiji cha watumwa waliokombolewa baharini. Miaka miwili kabla yake Frere alikuwa ametumwa Unguja, na Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Kengele iliyolizwa kuwaonya watu wa kijiji dhidi ya wateka watumwa ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina la Kengeleni. Kila siku twapita pale tukigombania matatu. Jina moja, mambo mawili. Mtu huyo huyo aliyewatetea watumwa ndiye aliyemdanganya mjane. Binadamu hana rangi moja.

Mwaka 1885 Salme aliiona tena Unguja, lakini alifikishwa na manowari za Ujerumani. Bismarck alikuwa akitaka ardhi ya bara, na huyu dada wa Sultani alikuwa kisingizio kizuri cha kumtisha Barghash. Watu wa mjini walimzunguka kwa furaha wakimsalimu, ila kaka yake alikataa katakata kumwona. Wajerumani walipata walichokitaka, Salme hakupata kitu. Alirudi tena mwaka 1888 baada ya Barghash kufa, akaambulia patupu vilevile. Wakubwa wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi zilijua kusoma na kuandika lakini zikaumia tu.

Sasa nifikie kazi yake kubwa kuliko zote. Akiwa Ujerumani, mgonjwa na mwenye hofu kwamba atakufa kabla watoto hawajamjua mama yao ni nani, alianza kuandika maisha yake. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, kikiitwa kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu. Kiingereza kilifuata mwaka 1888. Kabla yake, habari za majumba yetu ziliandikwa na Wazungu wapitao njia, ambao hata mlango wa ndani hawakuruhusiwa kuuvuka. Yeye aliandika kutoka ndani. Alieleza vyakula, mavazi, arusi, maradhi, sikukuu, ugomvi wa masuria na jinsi watoto walivyosoma. Pia alijibu hoja. Wazungu wakisema mwanamke wa mashariki ni mfungwa asiye na haki, yeye aliwaonyesha haki za mali alizokuwa nazo mwanamke wa Kiislamu, kisha akawauliza mbona mke wa Ulaya hana. Huo, ndugu msomaji, ndio ufundi wa kusema na watu: kuichukua hoja ya mwenzio na kuigeuza imtazame yeye.

Lakini sitaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa. Alidai watumwa wa Waarabu walitendewa vyema, na alisema juu ya watu weusi maneno ya dharau ambayo mie mtoto wa bara ya Mombasa siwezi kuyameza. Alisahau, au alitaka kusahau, kwamba mamake mwenyewe aliuzwa. Alisahau kwamba mwandiko wake ulinyooshwa na mkono wa mtumwa, na jina la mtumwa huyo hakutuachia. Mwaka 2019 mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina la Emily Ruete, kisha wakubwa wa huko wakaamua liondolewe kwa sababu ya maneno hayo.

Mwalimu wetu alitusimulia habari za Harriet Jacobs wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1813. Alijificha karibu miaka saba katika dari ya nyumba ya nyanyake, mahali asipoweza hata kusimama, ili kumkwepa bwana wake. Mwaka 1861 alitoa kitabu cha maisha yake. Huko kwao sehemu nyingi sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Nikawaweka wote wawili mbele yangu. Wote wanawake, wote waliandika maisha yao kwa mikono yao. Mmoja alimilikiwa, mwingine alimiliki. Kama tungelikuwa na kitabu cha Salme peke yake, tungeliamini utumwa ulikuwa mwororo. Ndiyo sababu haitoshi binti mfalme peke yake kujua kuandika. Yule mtumwa aliyemfunza naye angaliandika, tungelikuwa na kitabu cha pili kutoka Unguja, na labda kingelisema mengine kabisa. Na wale waliotia nanga Freretown, wangapi walikufa na habari zao vifuani?

Baada ya mwaka 1888 Salme hakutaka kukaa Ujerumani. Aliishi Jaffa, kisha Beirut kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1914. Uzeeni mwake, miaka ya 1920 mwanzoni, serikali ya Unguja ilikubali hatimaye kumpa posho ndogo. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg katika kaburi la mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekiweka miaka yote hiyo. Barua ndefu alizoziandika kueleza maisha yake ya ugenini zilichapishwa baada ya yeye kufa. Mtoni, magofu ya nyumba aliyozaliwa bado yapo yakitazama bahari.

Basi wavulana wa darasa letu, je, ni kweli hakufanya lolote ila kutoroka? Kutoroka kulichukua usiku mmoja. Kuandika kulimchukua maisha mazima, tangu kwenye mfupa wa ngamia hadi kwenye kitabu. Kwa kalamu alikosea alipokuwa karani wa vita vya ndugu, kwa kalamu akalisha watoto, kwa kalamu akatuachia picha ya nyumba ambazo hakuna mwingine aliyeziandika kutoka ndani, na kwa kalamu hiyo hiyo akatetea dhuluma. Sisemi tumpende wala tumchukie. Nasema tumsome, na tukimsoma tumjibu.

Na nyinyi wasichana wenzangu wa Likoni, Changamwe na Kisauni, msingoje binti mfalme awaandikie. Kaeni na nyanya zenu jioni, waulizeni, muandike wasemayo kama walivyosema, tena muwasomee mlichoandika ili wao wenyewe wawasahihishe. Mimi nimekwisha kuanza na wangu. Daftari limefika ukurasa wa 31, na jana amenitaka nimfundishe kuandika jina lake. Herufi tatu za mwanzo amekwisha kuzijua.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Wabillahi taufiki.